Swichi Inayodunda na Swichi Inayosingiziwa: Kutuliza Hom na Limiti za Mashine za CNC

Karakana moja ya milango iliyoko Kijenge, hapa Arusha, ilikuwa na mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao ambayo ilisimama katikati ya kazi kila mara feni ya kunyonya vumbi ilipowashwa. Kisu kinachonga ua kwenye kibao cha mninga, mara kinatulia, na skrini inaandika kwamba limiti, yaani swichi ya mwisho wa njia, imeguswa, ilhali daraja la mashine, ile sehemu inayobeba kisu, liko katikati ya meza na swichi iliyo jirani nalo iko mbali kwa zaidi ya nusu mita. Kijana aliyeiendesha aliambiwa kwamba swichi zake zinadunda na kwamba dawa ni kuongeza muda wa kutuliza mdundo kwenye programu. Akaongeza kidogo, usumbufu ukapungua. Akaongeza tena hadi milisekunde 80, ukaisha kabisa. Siku chache baadaye daraja lilipitiliza mwisho wa njia yake kwa kasi kamili, likavunja swichi pamoja na kibati kilichoishikilia.

"Shikamoo fundi," aliniambia nilipofika, akafungua kiganja na kunionyesha swichi ikiwa vipande viwili. "Hii ndiyo imekufa kwa kudunda?"

"Marahaba. Hapana, hii imekufa kwa kuchelewa kusikilizwa."

Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu mambo matatu yaliyo tofauti kabisa huitwa kwa jina moja: mdundo wa vyuma ndani ya swichi, kelele za umeme zinazoingia kwenye nyaya, na uchakavu wa nyuso za chuma zinazogusana. Yote matatu hujitokeza kwenye skrini kwa sura ileile, na yote matatu hunyamaza ukiongeza muda wa kusubiri. Lakini muda huo hulipwa kwa milimita za mwendo, na anayeuongeza bila kujua anatibu nini huweza kujikuta ameondoa ulinzi wote wa mashine huku akiamini ameitengeneza.

Kabla ya kugusa namba yoyote ni lazima kutenganisha kazi mbili za swichi hizi. Limiti ni mlinzi wa mwisho wa njia. Inatakiwa kusema jambo moja tu, kwamba mhimili, yaani sehemu inayosogea kwenye njia hiyo, umefika pasipotakiwa, na kulisema mapema ili mashine isimame kabla chuma hakijagonga chuma. Hom ni alama ya kupimia. Mashine inapowashwa haijui kisu kiko wapi, kwa maana kwenye mota nyingi za stepa, zile zinazozunguka kwa hatua ndogondogo, programu huhesabu hatua tu na hesabu hiyo hupotea umeme ukikatika. Kwa hiyo mashine huitafuta swichi ya hom, na pale inapoikuta ndipo panapoitwa sifuri. Hom haiulizwi iwapo imejibu haraka. Huulizwa iwapo imejibu mahali palepale kila siku. Katika mashine nyingi ndogo swichi ileile hufanya kazi zote mbili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu limiti inadai haraka, na hom inaweza kusubiri mradi isubiri kwa kiasi kilekile siku zote.

Sasa mdundo wenyewe. Ndani ya swichi ndogo ya kubonyeza kuna ulimi mwembamba wa chuma unaovutwa na springi, nao huruka kutoka ncha moja hadi nyingine mara kibonyezo kinapofika mahali fulani. Mkumbuke mfuniko wa sufuria ulioanguka kwenye sakafu ya saruji: hautulii papo hapo, bali hugonga, hunyanyuka, hugonga tena, kila mara kwa nguvu iliyopungua, mpaka utulie. Ulimi wa swichi hufanya hivyohivyo. Sikio letu husikia mlio mmoja mfupi, lakini ukiunganisha osiloskopu utaona volti zikipanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kusimama imara. Kwa swichi nyingi fujo hiyo humalizika ndani ya milisekunde 1 hadi 5, na chache hukaribia au kupita 10. Kwetu ni kufumba na kufumbua, ila kwa kidhibiti, yaani chipu inayoiongoza mashine, kama ATmega328P kinachokwenda kwa megahezi 16, milisekunde moja ni mizunguko 16,000, na kila mguso mdogo ndani ya fujo hiyo kinaweza kuuona kama tukio linalojitegemea. Tena swichi hudunda inapobonyezwa na hudunda inapoachiwa; jambo hili la pili husahaulika, nalo ndilo linaloharibu hom za watu wengi.

Programu huweza kuutuliza mdundo kwa njia mbili ambazo zinafanana kwa mbali tu. Njia ya kwanza ni kusubiri ushahidi. Tuseme kidhibiti kinaisoma swichi kila baada ya milisekunde 1, na kimeambiwa kisikubali kwamba imebonyezwa mpaka kisome 1 mara tano mfululizo. Daraja linaigusa swichi, na usomaji unakwenda hivi: 0, 1, 0, 1, 1, 0, 1, 1, 1, 1, 1. Hesabu inaanza, inavunjika, inaanza upya, inavunjika tena, na inakamilika kwenye usomaji wa 11. Mguso wa kwanza ulionekana kwenye usomaji wa 2, kwa hiyo kidhibiti kimekubali ukweli milisekunde 9 baada ya ukweli kutokea. LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine hizi, ina kichujio cha jamii hii, isipokuwa chake hakianzi upya kila kinapokutana na 0, bali hupunguza hesabu kwa moja na kuiongeza kwa moja kinapokutana na 1, ili doa moja la kelele lisifute ushahidi wote uliokusanywa.

Njia ya pili ni kuamini mguso wa kwanza papo hapo, kisha kuziba masikio kwa muda, tuseme milisekunde 20, mpaka fujo iishe. Hapa hakuna kuchelewa hata kidogo, na kwa swichi inayodunda tu, ambayo waya wake ni safi, ninaiona kuwa njia bora zaidi ya zote. Udhaifu wake ni kwamba inaamini kila kitu. Mchomo wa kelele wa maikrosekunde chache utapokewa kwa heshima ileile anayopewa mgeni halali, na mashine itasimama. Njia ya kwanza hustahimili kelele lakini huchelewa. Ya pili haichelewi lakini haistahimili kelele. Mtu anayesema "nimeweka kutuliza mdundo" bila kusema ni njia ipi hajatuambia kitu cha kutosha.

Grbl, programu inayotumika sana kwenye mashine ndogo zenye bodi za Arduino, inafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu ina mipangilio miwili ambayo watu huichanganya. Mpangilio wa $26, ambao thamani yake ya kawaida ni milisekunde 250, husomwa na wengi kama kichujio cha limiti. Sivyo. Huo ni muda wa kupumzika katika hatua za kutafuta hom tu, ili mtikisiko na mdundo viishe kabla ya mwendo unaofuata kuanza, na haugusi chochote wakati mashine inachonga. Ukisumbuliwa na limiti katikati ya kazi unaweza kuipandisha $26 hadi 1,000 na usione tofauti yoyote isipokuwa hom kuwa ya polepole. Wakati wa kuchonga, Grbl ya kawaida, ikiwa limiti zimewashwa kwa $21, husimamisha kila kitu kwa mabadiliko ya kwanza inayoyaona kwenye pini ya limiti, yaani mguu wa chipu unaopokea waya wa swichi, bila kuuliza mara mbili. Kuna chaguo jingine, linalowekwa kabla ya programu kutiwa kwenye bodi, ambalo huifanya isubiri kama milisekunde 32 kisha iisome pini tena na kuamua. Hilo ndilo linalochuja limiti. Katika Mach3, programu nyingine ya mashine hizi, namba ya kutuliza mdundo huhesabiwa kwa vipande vya maikrosekunde 40, kwa hiyo 100 maana yake ni milisekunde 4, na anayedhani kwamba ameandika milisekunde 100 amekosea mara ishirini na tano.

Bei ya kusubiri hupatikana kwa hesabu ya shule ya msingi, nami huomba kila mwenye mashine aifanye kwa kalamu. Kasi ya milimita 6,000 kwa dakika ni milimita 100 kwa sekunde, ambayo ni sehemu ya kumi ya milimita kwa kila milisekunde. Ukisubiri milisekunde 5, daraja limekwenda nusu milimita baada ya kuigusa swichi. Ukisubiri 32, limekwenda milimita 3.2. Yule kijana wa Kijenge alisubiri 80, yaani milimita 8, na swichi yake ilikuwa na nafasi ya milimita 3 hivi kati ya kubonyezwa na kugota. Swichi ilisema ukweli kwa wakati wake. Ilikwisha kupondwa kabla programu haijamaliza kutafakari. Kwa hiyo muda wa kusubiri wa limiti haupangwi kwa kuangalia ni lini mashine inaacha kusumbua. Hupangwa kwa kupima nafasi iliyobaki nyuma ya swichi, kuigawa kwa kasi ya juu kabisa ya mhimili huo, na kubaki chini ya jibu kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu daraja zito nalo huserereka kidogo hata baada ya mota kukatiwa hatua.

Kwa hom hesabu hugeuka kwa namna inayowashangaza wengi. Mashine iliyopangwa vizuri huitafuta hom kwa awamu mbili: kwanza huikimbilia swichi kwa kasi, inaigusa, inarudi nyuma milimita moja au zaidi, kisha inaijia tena polepole, na mguso huu wa pili ndio unaohesabiwa. Chukua mwendo wa pili wa milimita 100 kwa dakika. Ukisubiri milisekunde 10, daraja limekwenda takriban 0.017 ya milimita, na kwa kuwa kichujio husubiri kiasi hichohicho leo na kesho, umbali huo si kosa hata kidogo. Umekwisha kuwa sehemu ya sifuri yako. Kinachoumiza ni kutofautiana. Ikiwa kuchelewa hubadilika kwa milisekunde 1 kati ya siku na siku, kwa mwendo huu wa polepole sifuri huhama kwa chini ya sehemu mbili za elfu za milimita, ambayo ni ndogo kuliko hatua moja ya mota kwenye skrubu ya gololi inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko mmoja uliogawanywa kwa hatua 1,600. Hom ileile ikifanywa kwa mguso mmoja wa haraka, milimita 3,000 kwa dakika, milisekunde 1 inakuwa sehemu ya ishirini ya milimita, au hatua 16, na seremala anayechonga upande wa pili wa mlango baada ya kuwasha mashine upya ataiona tofauti hiyo kwenye maungio. Anayelalamika kwamba hom yake haitulii aangalie kwanza kasi ya mguso wa mwisho, kisha ndipo auguse muda wa kutuliza mdundo.

Turudi kwenye feni ya vumbi. Mdundo una tabia moja inayoutambulisha: hauji pasipo mguso. Swichi ambayo haijaguswa na kitu haiwezi kudunda, labda kama kibati chake kinatikisika hovyo. Mashine inayosimama wakati daraja liko katikati ya meza haisumbuliwi na mdundo bali na kelele za umeme, na vyanzo vyake katika karakana zetu vinajulikana: inveta inayoendesha spindo, yaani mota inayozungusha kisu, kwa kuukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, draiva za mota za stepa, kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya feni inapofunga na kufungua, na mashine ya kulehemu ya jirani. Waya wa limiti wenye urefu wa mita tatu, uliofungwa bega kwa bega na waya wa spindo ndani ya mnyororo mmoja, ni antena nzuri kabisa.

Kipo kipimo rahisi cha kuisafisha au kuitia hatiani swichi, nacho hakihitaji osiloskopu. Ondoa swichi kwenye waya, na kama ni ya aina inayokaa imefunga, unganisha ncha mbili za waya palepale swichi ilipokuwa. Kama ni ya aina inayokaa wazi, ziache ncha zikiwa wazi na zisigusane. Usiendeshe mhimili wowote, kwa maana sasa hakuna mlinzi. Washa spindo hewani, washa na kuzima feni mara nyingi. Kengele ikilia hali swichi iko mezani, basi haina hatia. Kijenge ililia mara ya nne feni ilipowashwa, na kijana akaichukua ile swichi iliyovunjika akaitazama kama mtu aliyemsingizia ndugu yake.

Swichi zake zilikuwa za kukaa wazi, na hili linahitaji maelezo, kwa kuwa ndicho chanzo cha usumbufu mwingi. Swichi inayokaa wazi huiacha pini ya kidhibiti ikining'inia kwenye volti 5 kupitia rezista ya ndani peke yake, ambayo kwenye ATmega328P ni kati ya kiloohmu 20 na 50; huo ni mshiko dhaifu, na kelele kidogo tu huweza kuivuta pini hadi chini. Swichi inayokaa imefunga huishika pini kwenye sifuri kwa waya wa shaba moja kwa moja, na kelele inayotaka kuinyanyua lazima ipambane na mshiko huo. Zaidi ya hapo, panya akikata waya wa swichi inayokaa wazi hakuna anayejua mpaka siku ya ajali, ilhali waya wa swichi inayokaa imefunga ukikatika mashine hugoma papo hapo. Haikingi kila kitu, kwa sababu nyaya mbili zikichubuka na kugusana mashine itaendelea kuamini kwamba mambo ni shwari. Lakini katika karakana nimeona nyaya nyingi zaidi zikikatika kuliko kugusana.

Baada ya kubadilisha aina ya swichi tulitenganisha nyaya. Za limiti zilipata mnyororo wao, waya wenye wavu wa kinga uliofungwa kwenye ethi upande wa paneli peke yake, na zilipolazimika kuvuka waya wa spindo zilivuka kwa pembe ya mraba. Tukaongeza optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kuungana, inayolishwa kwa volti 24 kupitia rezista ya kiloohmu 2.2, ambayo hupitisha takriban miliampia 10 na hupata joto la robo wati hivi, ndiyo maana tulitumia ya nusu wati. Miliampia hizo zina kazi ya pili inayohusu ule uchakavu nilioutaja mwanzo. Swichi ndogo nyingi za bei nafuu zina ncha za fedha zilizotengenezwa kwa ampia kadhaa. Ukizipitishia sehemu ya kumi ya miliampia kwa volti 5, umeme huo hauna nguvu ya kupenya utando na vumbi vinavyojijenga juu ya chuma. Januari na Februari, kabla ya masika, vumbi la Arusha likichanganyika na unga wa mbao hakuna swichi ya wazi inayobaki safi, na hapo mguso huwa wa kusitasita, unafanana na mdundo lakini unachukua makumi ya milisekunde na unazidi kila mwezi. Swichi ya namna hiyo isitafutiwe muda mrefu wa kusubiri. Ibadilishwe.

Kwenye ingizo la bodi, baada ya optokapla, tuliweka kichujio cha rezista ya kiloohmu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, ambavyo vikizidishwa hutoa milisekunde 1. Maana yake ni kwamba volti haiwezi kubadilika kwa ghafla. Michomo ya maikrosekunde humezwa, na bodi huona mwinuko wa taratibu. Anayeunganisha kapasita moja kwa moja sambamba na swichi, bila optokapla, aweke na rezista ndogo ya ohmu 100 hivi kwenye njia ya swichi, la sivyo kila mfungo huimwaga kapasita kwa mpigo na kuzichoma ncha. Koili ya kontakta ya feni nayo ilifungiwa kizima-cheche cha rezista na kapasita, na kwa maoni yangu kifaa hicho kimoja kilifanya kazi kubwa kuliko mabadiliko yote ya programu yaliyokuwa yamejaribiwa kabla yake. Muda wa kusubiri tuliurudisha kuwa milisekunde 5.

Wengine hukwepa mdundo kwa kutumia vihisio vya chuma visivyogusana. Havina ulimi wa kudunda na unga wa mbao hauvisumbui, ila bado hupokea kelele kupitia waya, na umbali wa kuhisi hutegemea aina ya chuma: alumini huhisiwa kwa karibu zaidi kuliko chuma cha pua au cha kawaida. Kitufe cha dharura hakimo kabisa katika mjadala huu. Hicho kikate umeme wa mota na spindo chenyewe, kwa waya na rilei, pasipo kupita kwenye programu yoyote inayohesabu milisekunde.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuthibitisha. Tulisimamisha saa ya kupimia yenye mshale, inayosoma mia ya milimita, kwenye mwisho wa mhimili wa X, tukaamuru hom mara 20, kumi spindo ikiwa imezimwa na kumi spindo na feni vikiwa vinafanya kazi, na kijana akaandika kila usomaji kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Mshale ulicheza ndani ya mstari mmoja tu katika zote 20. Kisha tukaipeleka daraja kwenye limiti, kwanza kwa milimita 500 kwa dakika, halafu 1,500, halafu 6,000, mkono wangu ukiwa juu ya kitufe cha dharura, na kila mara tukapima kwa filagenji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) nafasi iliyobaki nyuma ya swichi; kwa kasi ya juu ilibaki milimita 1.8. Namba hiyo, pamoja na milisekunde 5 na tarehe ya siku hiyo, iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mlango wa paneli, mahali ambapo mtu yeyote atakayetaka kuongeza muda wa kusubiri ni lazima aisome kwanza.